Tusinunue Kombe kwa Mifupa ya Vijana

Mchezo ni neema. Neno hili silisemi ili nikupumbaze, msomaji, kisha nigeuke na kuupiga vita mchezo katika kurasa zinazofuata. Nalisema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa mimi mwenyewe ni mpenzi wa michezo tangu utotoni. Jumamosi ikifika, na timu mbili zikishuka uwanjani chini ya vilima vya Iveti, hunipati nyumbani. Nimo miongoni mwa wale wanaosimama kando ya mstari na kupiga kelele mpaka sauti zikakauka. Basi anayesema nawe leo si adui wa mchezo. Ni mshabiki, tena ni mshabiki mwenye deni, na yafaa deni hilo nilitaje kwanza kabla sijawadai wengine.

Ilikuwa mechi ya raga kati ya shule mbili za huku kwetu Machakos. Dakika zilizosalia hazikuzidi kumi. Kijana mmoja wa kidato cha tatu, niliyekuwa nikimfundisha Kiswahili, alimkabili mpinzani wake akagongwa kichwani kwa goti. Alilala kitambo kidogo, akainuka, akajongea taratibu na kusimama katika safu ya wapinzani kana kwamba ndiyo timu yake. Watu wakacheka. Mimi nami nikacheka. Akatolewa, akaketishwa nyasini, akapewa maji. Hakuna aliyeingia badala yake, kwa kuwa tulimtazamia arudi. Tulikuwa nyuma kwa alama tatu, na yeye ndiye aliyekuwa tegemeo letu. Sauti zikaanza kupaa: "Mrudisheni! Mrudisheni!" Miongoni mwa sauti hizo, msomaji, moja ilikuwa yangu.

Akarudishwa, na tukashinda. Jioni ile, tulipokuwa tukisubiri gari, kijana yule alinijia akaniuliza, "Mwalimu, tulishinda?" Nikamjibu kwamba tulishinda. Punde si punde akarudi, "Mwalimu, tulishinda?" Alipouliza mara ya tatu, kwa uso ule ule na sauti ile ile, furaha yote ya ushindi ilinitoka, nikaingiwa na baridi mwilini. Muhula mzima uliofuata hakuweza kusoma ukurasa mmoja bila kuumwa na kichwa. Mwanga wa dirishani ulimchoma macho, na mambo aliyoyajua vizuri yalimponyoka katika mtihani. Alipona baadaye, nasi twashukuru. Lakini alipona kwa bahati, wala si kwa hekima yetu sisi wakubwa wake.

Tangu siku ile nimeshika neno moja, nalo ndilo ninalotaka kulitetea mbele yako: shule inayomrudisha uwanjani mwanafunzi aliyeumia, kwa ajili ya kombe, inamwibia. Haimjengi, haimkomazi, wala haimpi ushujaa, inamwibia. Inatwaa kitu kisicho chake, yaani mwili wa mtoto wa mtu, na kukitoa kuwa bei ya chombo cha kupambia kabati.

Najua wapo watakaonikasirikia. Wana hoja zao, nami sitazidharau. Nitazitwaa moja moja.

Husema kwanza kwamba maumivu humkomaza kijana. Babu zetu, wasema, walitembea na miiba miguuni wala hawakulia; vijana wa leo wamedekezwa, wakipata mkwaruzo mdogo wakimbilia kitandani. Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hudanganya kuliko uongo mtupu. Ni kweli kwamba asiyevumilia uchovu hafiki mbali. Lakini uchovu na jeraha si kitu kimoja. Uchovu ukipewa chakula na usingizi huondoka, na kuacha msuli wenye nguvu kuliko jana. Jeraha likipewa kazi huongezeka. Anayemwambia kijana avumilie uchovu anamfundisha; anayemwambia avumilie jeraha anamharibu; na asiyejua kupambanua baina ya hayo mawili hastahili kupewa timu ya watoto.

Tena mwili wa kijana si mwili wa mtu mzima uliopunguzwa kimo. Karibu na ncha za mifupa yake mirefu mna sehemu laini ambapo mfupa ungali unakua, na sehemu hiyo haiwi ngumu mpaka kukua kukome. Ikivutwa na kupigwa mara kwa mara huweza kuumia, na mfupa ukakua kombo au ukawa mfupi. Na ubongo je? Ubongo si msuli hata ukomazwe kwa kupigwa. Ukitikiswa mara moja wahitaji kupumzishwa. Ukitikiswa mara ya pili kabla ya kupona, huweza kuvimba ghafula na kuua. Ndiyo maana wenye mamlaka ya raga duniani wameamuru kwamba mchezaji kijana anayeshukiwa kuumia ubongo atolewe mara moja, wala asirudi tena siku ile. Hawakusema, "ila kama timu i nyuma kwa alama tatu."

Na tukitaka kuwataja babu zetu, na tuwataje kwa ukamilifu. Wakamba walisifika kwa upinde na mshale. Hapana mwindaji mwenye akili aliyeuacha upinde wake umevutwa usiku kucha, maana alijua kwamba mti uliopindwa pasipo kulegezwa hupoteza nguvu. Tazama pia ardhi yenyewe tunayoikanyaga. Katika miaka ya 1930 nchi hii ya Machakos ilikuwa imechoka. Mifugo na kilimo viliielemea, mvua ikachukua udongo, makorongo yakafunguka vilimani. Haikuokolewa na waliosema, "Vumilia, ewe udongo!" Iliokolewa miaka iliyofuata na watu, wengi wao wanawake, waliochimba matuta kwa majembe, mteremko baada ya mteremko, wakauzuia udongo usitoroke. Leo wageni huja kuyatazama matuta hayo na kujifunza. Je, watu waliojua kuutunza udongo hivi watashindwa kuutunza mwili wa mtoto wao?

Hoja ya pili ni heshima ya shule. Shule ikishinda katika kaunti huenda mkoani; ikishinda mkoani huenda katika mashindano ya taifa, na kutoka hapo hata ya Afrika Mashariki. Jina la shule hutajwa, wazazi hufurahi. Nakiri kwamba heshima ni kitu kizuri. Lakini nauliza: ni heshima ya nani? Kombe huandikwa jina la shule. Goti lililoharibika haliandikwi jina la shule, bali huenda nyumbani na mwenyewe. Miaka ishirini baadaye kombe lingali kabatini, na yule kijana, sasa baba wa watoto, hawezi kupanda kilima cha shamba lake bila fimbo. Faida imegawiwa watu wengi, na hasara ameachiwa mmoja. Biashara ya namna hiyo kwingineko yaitwa dhuluma.

Wala usidhani kwamba tamaa hii ni ugonjwa wa Machakos peke yake. Uko mchezo mmoja, msomaji, ambao huku kwetu wachache wanaujua lakini mimi nimeufuatilia kwa mapenzi makubwa: besiboli. Mrushaji husimama kati ya uwanja na kuurusha mpira mdogo, mgumu, wenye uzito wa gramu 145 hivi. Mpigaji humngoja na gongo lake. Vijana wa vyuo vya Marekani huurusha kwa kasi ya kilometa 140 kwa saa na zaidi. Mchezo huu una somo kwetu, kwa sababu wenyewe wamejifunza kwa machozi, kisha wakaandika waliyojifunza kwa hesabu.

Mwezi wa Agosti mwaka 1920, huko New York, mpigaji wa timu ya Cleveland aitwaye Ray Chapman alipigwa kichwani na mpira uliorushwa, akafa siku ya pili yake. Ungetazamia kwamba kesho yake kila mpigaji angevikwa kofia ngumu. La! Wachezaji waliona haya kuivaa, wakihofu kuitwa waoga. Sheria ya kumlazimisha kila mpigaji mpya wa ligi kuu avae kofia hiyo ilikuja mwaka 1971. Miaka 51, msomaji, tangu mtu afe hadi sheria itimie! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hawa walikaa nusu karne wakiutazama ufa.

Twende Japani. Huko wanafunzi wa sekondari hushindana katika uwanja wa Koshien, na nchi nzima huwatazama. Mwaka 2013 kijana wa miaka 16, Tomohiro Anraku, alirusha mpira mara 772 katika mechi tano za shindano moja. Wengi walimsifu kwa moyo wake. Je, moyo ulimpa kombe? Siku ya fainali mkono ulikuwa umekwisha nguvu, na timu yake ikashindwa 17 kwa 1. Kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa akiuguza kiwiko. Ndipo watu wakaanza kujiuliza kama huu ni ushujaa au ukatili. Na kuanzia mwaka 2020 ikawekwa sheria kwamba mwanafunzi asirushe zaidi ya mara 500 katika juma moja. Wengi wasema idadi hiyo ingali kubwa mno, nami ni mmoja wao. Lakini walau wameanza kuhesabu.

Marekani nako, mwaka 1974, daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji Tommy John, akatoa kano katika mkono wake mmoja na kuitia katika kiwiko cha mkono mwingine. Tommy John alikaa nje msimu mzima wa 1975, akarudi mwaka 1976, akacheza mpaka mwaka 1989. Ilikuwa kazi ya ajabu. Lakini tazama jinsi binadamu anavyoweza kuigeuza dawa kuwa kisingizio: upasuaji uliokusudiwa wazee wa mchezo sasa wafanyiwa vijana wa sekondari na wa vyuo. Waliporuhusu magongo ya chuma katika vyuo, mpira uliporuka kwa kasi ya kutisha, walikuja kuona hatari. Na tangu mwaka 2011 magongo ya vyuo ni lazima yapimwe ili yasiurushe mpira kupita kiasi cha gongo la mti. Mpigaji hakupenda kupunguziwa nguvu. Lakini aliyesimama mbele ya mpira ule alikuwa mtoto wa mtu pia.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa inatoka kwa maskini. Husema: "Mchezo ndio mlango wetu. Mtoto wangu hana mtu wa kumlipia karo. Mguu wake ndio utakaompeleka chuoni ng'ambo. Asipocheza leo wateuzi hawatamwona." Kweli mlango huo upo. Henry Rono alikuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipovunja rekodi nne za dunia katika mwaka mmoja wa 1978. Na katika mchezo huo huo wa besiboli, watoto wa Lugazi, mji mdogo wa Uganda, walikwenda Pennsylvania mwaka 2012 wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto, wakawashinda watoto wa Oregon 3 kwa 2.

Lakini sikiliza neno ambalo washangiliaji husahau kulisimulia. Katika mashindano yale ya watoto, mrushaji wa miaka 11 au 12 haruhusiwi kurusha zaidi ya mara 85 kwa siku moja, na akirusha nyingi hupumzishwa siku kadhaa kwa lazima. Hesabu hii haikuwazuia watoto wa Lugazi kupita mlangoni; iliwalinda ili wapite wakiwa wazima. Ukiwa maskini, mwili wa mwanao ndio shamba lako la pekee. Tajiri akiharibu moja ana jingine. Wewe je? Kwa sababu hiyo maskini ndiye anayepaswa kuwa mkali kuliko wote katika kuulinda mguu wa mwanawe.

Na mfano wa karibu tunao. Patrick Makau, mzaliwa wa upande wa Tala hapa hapa Machakos, alivunja rekodi ya dunia ya mbio za marathoni mjini Berlin mwaka 2011, kwa muda wa saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Mwaka uliofuata alijitoa katikati ya mbio za London, akakosa nafasi ya kwenda Olimpiki. Baadaye majeraha yakamwandama. Wapo waliodhani amekwisha. Lakini mwaka 2014 alishinda marathoni ya Fukuoka, na mwaka 2015 akaishinda tena. Mtu aliyekwisha kukimbia kuliko binadamu wote hakuona haya kusimama katikati ya njia. Mbona mwanafunzi wa kidato cha pili aone haya kuketi kando ya uwanja?

Hoja ya nne husemwa na makocha wanapobanwa: "Mwenyewe alitaka kurudi." Bila shaka alitaka! Kijana wa miaka 17, aliyezungukwa na wenzake wakiliimba jina lake, atataka kurudi hata akiwa amevunjika mguu. Kama matakwa ya kijana yangetosha, tusingehitaji walimu wala wazazi. Na aliyegongwa kichwa ndiye asiyefaa kuulizwa kabisa, kwa maana chombo cha kutolea jibu ndicho kilichoumia. Kumwuliza kama akili zake ni timamu ni kupima mzigo kwa mizani iliyovunjika.

Basi tufanye nini? Nataka mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kwanza, atakayegongwa kichwa akayumba, akasahau, au akalala kwa kitambo, asirudi uwanjani siku hiyo kwa sababu yoyote, wala asirudi siku nyingine mpaka tabibu aseme. Pili, uamuzi wa kumrudisha aliyeumia usiwe wa kocha wala wa mwalimu mkuu, bali wa mtu asiyekuwa na haja na kombe. Maana mwenye njaa hapewi kazi ya kulinda chungu. Tatu, kila timu iwe na daftari la kuandika ni nani amecheza mechi ngapi katika siku ngapi. Mashindano yetu husongamana; mechi hufuatana siku kwa siku, na bandu bandu huisha gogo. Ikiwa wengine wanaweza kuhesabu kila mpira unaotoka mkononi mwa mtoto, sisi tutashindwaje kuhesabu mechi? Nne, sisi washabiki tufunge vinywa vyetu mchezaji akiwa chini. Tumshangilie akicheza, akiumia, tunyamaze.

Nimewasema wakubwa. Sasa nakugeukia wewe, kijana unayesoma maneno haya, kwa sababu hakuna daftari wala sheria itakayokuokoa ukiamua kusema uongo juu ya mwili wako. Nimewaona wanafunzi wakifunga kitambaa juu ya kifundo kilichovimba na kuficha chini ya soksi. Nimewaona wakitembea wima mbele ya kocha na kuchechemea wakifika bwenini. Wenyewe huita jambo hilo ushupavu. Wahenga waliliita jina jingine: mficha maradhi, kifo humuumbua. Unapoficha jeraha huwasaidii wenzako, bali wawapa tegemeo lililooza. Na ukimwona mwenzako anaficha, ukanyamaza, huo si urafiki. Mwendee mwalimu umwambie. Mwenzako atakununia kwa juma moja. Lakini kununiwa juma moja si kitu mbele ya majuto ya maisha. Ujue pia kwamba ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Utakapovunjika, watakaokushangilia leo watakwenda uwanja mwingine kumshangilia mwingine, nawe utarejea kwa mama yako. Basi mama yako ana haki ya kukupokea mzima.

Watauliza: Je, tukishindwa? Tutashindwa, naam. Yako makombe tutakayoyakosa kwa kumketisha mchezaji wetu bora, na shule jirani itatucheka. Sikuahidi kwamba haki haina gharama. Nasema tu kwamba gharama hiyo inalipwa na wote, kwa siku moja, hali gharama ya pili inalipwa na mtoto mmoja kwa miaka yote.

Yule kijana aliniuliza mara tatu kama tulishinda, nami mara tatu nilimjibu kwamba ndiyo. Nimekuwa mwalimu kwa miaka kadhaa, na katika miaka hiyo sijapata kutoa jibu baya kuliko lile. Hatukushinda. Siku timu yangu itakapopoteza mechi kwa sababu mchezaji wetu aliyeumia ameketi nyasini, amefunikwa koti, na hakuna mtu hata mmoja anayepiga kelele arudishwe, akaniuliza kama tumeshinda, hapo nitaweza kumjibu ndiyo bila kuona haya.